Kata ya kwanza aliyoikataa Gershom Tsuma

Saa mbili asubuhi, jua la Utange limeanza kuuma migongo, na Gershom Tsuma haonekani. Kinachoonekana ni kamba yake. Imeanzia kiunoni mwa rafiki yake Shee, ikapita juu ya gogo la mnazi lililolazwa kwenye mdomo wa kisima, kisha ikateremka gizani. Kila kamba inapotikiswa, Shee anaegemea nyuma na kuvuta, na ndoo inapanda imejaa tope jeusi linalonuka kama yai viza.

"Uhai?" Shee anaita, ameliinamia shimo.

"Uhai!" sauti inajibu kutoka chini, nzito na ya mbali, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Hivyo ndivyo wanavyoitana wakiwa kazini. Hewa ya kisimani ina tabia ya kumlaza mtu bila kumuaga, na sheria yao ni moja: Shee akiita asijibiwe, haulizi mara ya pili, anavuta. Amewahi kumvuta Gershom aliyekuwa anapiga chafya tu. Gershom alipanda na nundu kichwani, amefura kwa hasira, na Shee akamwambia afadhali nundu kuliko sanda.

Tope linapokwisha, maji mapya yanaanza kuchuruzika kutoka mwambani, na Gershom anapandishwa juu, mwembamba, mweusi wa tope mpaka kwenye nyusi. Mama mwenye nyumba amekwisha kutoka na kata, kile kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Anaijaza kutoka kwenye ndoo ya kwanza ya maji safi na kumpa kwa mikono miwili. Watoto wake wamesimama nyuma yake, wote macho.

Desturi hii Gershom aliirithi kwa mjomba wake, na wateja wake wote wanaijua. Kata ya kwanza ni ya msafishaji. Anainywa mbele ya wenye kisima, na kunywa kwake ndiko kusema: nimefika mpaka chini, nimeona yaliyomo, kunyweni nanyi. Hana cheti kingine zaidi ya koo lake.

Gershom anaipokea kata. Anaitazama kwa muda, kisha anaiweka kwenye ukingo wa kisima bila kuitia mdomoni.

"Nipe nafasi kidogo, mama," anasema. "Nizunguke kwanza."

Anatoka uani peku, tope likimdondoka magotini, na kupotea nyuma ya ua wa makuti wa jirani. Mama mwenye nyumba anamgeukia Shee na uso wa mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake.

"Si wewe, dada yangu," Shee anamwambia. "Tangu yale ya Kisauni hanywi mpaka ajue majirani wanatupa nini, na wapi. Ukimwona anachungulia choo chako, mwache achungulie."

Gershom Tsuma ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Rabai, akalelewa Frere Town na mjomba wake, fundi wa visima na mzee wa kanisa, aliyemteremsha kisimani mara ya kwanza wakati bado analala na taa. "Mjomba alisema woga ni chombo cha kazi, kama kamba," anakumbuka. "Alisema siku woga ukikutoka, tafuta kibarua kingine. Basi kwa hesabu hiyo, mwaka huu mimi ni fundi kuliko mafundi wote wa Pwani."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali.

Kazi yenyewe haijawahi kumkosa. Mifereji ya upande huu wa daraja la kuingilia kisiwani Mombasa imezoea kukohoa hewa badala ya maji, na watu wanarudi kwenye visima vya babu zao. Kisima kimoja humpa kama shilingi mia tatu, agawane na Shee. Mwezi ukiwa mbaya, mkewe Kafedha hukaanga mihogo akauza kando ya njia, na maisha yanasogea.

Kisima alichokipenda kuliko vyote kiko Kisauni, katika ua wa Bi Salme. Babu yake Bi Salme alikichimba na kukiweka wakfu, kila mwenye kiu achote bila kuulizwa dini wala kabila. Maji yake yalikuwa matamu hadi wanawake wa mtaani wakisema chai yake haina haja na sukari nyingi. Gershom amekisafisha tangu ujana wake. Na binti yake Mapenzi alipoolewa na kijana anayefanya kibarua Changamwe, ni Bi Salme aliyewapa chumba kwa kodi ya kuoneana haya, kwa sababu, alisema, mwana wa msafisha kisima hawezi kukosa pa kulala ubavuni mwa kisima.

Hapo ndipo alipozaliwa Sidi, mjukuu wa kwanza wa Gershom. Hapo ndipo yalipoanzia.

Masika ya mwaka huu wa 1989 yalikuwa makali. Mvua ilipopungua, Bi Salme aliona kwamba chai imekuwa chungu. Kwanza alimlaumu mjukuu wake kwa kuunguza majani, halafu sufuria. Mwishowe aliteka maji mabichi akayaonja, na uchungu ukamkaa ulimini mpaka magharibi.

Kisima kikiwa kichungu, watu hukihama. Lakini wiki ileile mtoto wa jirani, aliyekuwa na homa ya siku kadhaa, alinyweshwa maji yale kwa kukosa mengine na homa ikashuka. Jirani akamwambia jirani. Kabla ya mwezi kuandama, ua wa Bi Salme ulikuwa umejaa watu wenye madebe na chupa, kutoka Kiembeni, kutoka Utange, hata kutoka ng'ambo ya daraja. Watu walisema ni baraka ya yule marehemu, wakfu wake umezaa dawa.

"Walitaka kunipa pesa," anasema Bi Salme, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, ameketi barazani na ukili wa mkeka anaousuka mkononi. "Nikawaambia maji ya wakfu hayauzwi, astaghfirullah. Lakini sitakudanganya, mwanangu. Nalifurahi. Naliona babu yangu amenikumbuka."

Mapenzi naye aliamini. Alikuwa na mtoto wa miezi saba aliyeanza kula uji, na homa za baada ya masika zinajulikana. Angeachaje dawa iliyo mlangoni pake? Akawa anampikia Sidi uji kwa maji yale, akiongeza sukari ili ameze.

Miguu ya wageni iliuchafua ua, na tope likawa linaingia kisimani. Bi Salme akamwita Gershom akisafishe, kwa heshima ya wageni na ya aliyekichimba. Kwa kuwa kilikuwa na tope jingi, kazi ingechukua siku mbili.

Siku ya kwanza maji yalimrukia usoni na mdomoni kutwa nzima. "Uchungu ule niliujua," Gershom anasema. "Niliujua kama unavyomjua mtu ukakosa jina lake. Nikasema moyoni, nitalikumbuka nikipumzika."

Halikuwa jina lililomjia, bali mwasho. Ulianzia kwenye viganja, ukaingia kwenye nyayo, kisha kichwani, chini ya nywele, mahali ambapo kucha hazifiki. Alijikuna hadi asubuhi, na ngozi haikuwa na upele hata mmoja. Kafedha alimpaka mafuta ya nazi. Hayakusaidia kitu.

Hakuna mtu wa Pwani asiyeujua mwasho huo. Ukimeza klorokwini kwa ajili ya malaria, homa inaondoka na mwasho unabaki kukudai shukrani. Wako wanaoona heri homa. Gershom ni mmoja wao. Kila anapomeza vidonge hivyo hukosa usingizi kwa kujikuna, na Shee humtania kwamba amemeza siafu.

Lakini safari hii hakuwa amemeza kidonge chochote.

"Kulipokucha nilicheka," anasema. "Nikamwambia Kafedha, nimetibiwa na sina homa. Halafu nikamkumbuka Sidi, na kicheko kikanikauka."

Hata hivyo hakukimbia kumwambia binti yake. Hilo linamchoma mpaka leo. Alikuwa anaogopa kuchekwa, na alitaka kuona kwa macho yake kwanza. Akateremka tena kisimani, na akafika mahali ambapo siku ya kwanza palikuwa na tope. Huko ukutani palikuwa na ufa, mpana wa kupita kidole, unavuja ute mweupe kama chokaa iliyolowa. Aliuchovya kwa ncha ya kidole akautia ulimini. Shee, aliyekuwa juu, anasema hakuhitaji kuitikiwa uhai siku hiyo, maana alisikia mtu anatema mate mfululizo na kumwomba Mungu kwa Kirabai.

Alipopandishwa, ua ulikuwa umefurika watu. Habari ilikuwa imeenea kwamba kisima cha baraka kinafunguliwa upya, na kila mtu alitaka maji ya kwanza. Bi Salme alikuwa amevaa buibui lake jipya. Alisimama mwenyewe na kata mkononi, heshima asiyompa kila mtu.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Watu wana kiu."

"Shikamoo, Bi Salme."

"Marahaba. Kunywa."

"Bi Salme, niwie radhi. Maji haya siwezi kuyanywa."

Ndoo zilizokuwa zimeinuliwa zilishushwa chini, anasimulia Shee. Kisha mtu mmoja katikati ya umati, kinyozi wa mtaani aitwaye Mbwana, akasema kwa sauti ya kusikika, "Si kwa kuwa ni ya wakfu? Yangekuwa ya padre angeyanywa."

Bi Salme hakumwangalia. "Mbwana, huyu ameingia kisima cha babu yangu kabla wewe hujaota ndevu unazowanyoa wenzio. Nyamaza." Lakini kata ilimwinamia mkononi, na maji yakamwagikia buibui. "Gershom, una nini? Nimekukosea?"

Gershom akawaeleza ule mwasho. Akawaambia kuna kitu kinavuja ukutani, chungu kama klorokwini, na hajui kimetoka wapi. Alitazamia waogope. Badala yake walifurahi.

"Si tulisema ni dawa!" mama mmoja akapaza sauti. "Wallahi, mwenyewe ameshuhudia!"

Umati ukasogea na ndoo zake. Gershom alikuwa amejiandaa kubishana na watu wanaosema maji ni mazuri. Hakuwa na jibu kwa watu wanaosema dawa ni nzuri, kwa sababu dawa kweli ni nzuri, na yeye mwenyewe imemponya mara nyingi. Akasimama mbele ya ndoo na mikono ameitanua kama golikipa.

Aliyemjibia ni Mapenzi. Alitokea chumbani kwake na mtoto begani, khanga yake imelowa.

"Baba," alisema, "Sidi anatapika tangu alfajiri. Hata uji haukai tumboni. Amelegea."

Zahanati ya binafsi iliyo jirani haiko mbali. Mtu akiita kutoka kwa Bi Salme, mwenzake aliye kule huitika. Gershom alikimbia na mtoto mikononi, tope likiwa bado limemganda mwilini. Muuguzi mkuu wa zahanati hiyo, Philister, mama wa makamo aliyekuja Mombasa kikazi kutoka magharibi mwa Kenya, alimpokea mtoto na kuuliza amekula nini.

"Uji, sista," Mapenzi akasema. "Uji wa maji ya dawa."

"Dawa gani?"

Gershom akamweleza uchungu, mwasho na ule ute mweupe. Anasema aliona uso wa yule mama ukisawajika. Alivua koti lake jeupe, akaita teksi kwa nauli yake mwenyewe na kupanda nao mpaka hospitali kubwa ya ng'ambo ya daraja, mtoto kifuani pake. Ndani ya teksi, wakiwa juu ya daraja, aliwaambia alichokifanya.

Philister amekubali kukisimulia tena kwa ajili ya makala haya. Anakaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti.

"Mwaka juzi tulitupa vidonge vilivyopitwa na muda kwenye jaa," anasema. "Vilikuwa na rangi ya waridi. Mtoto wa miaka mitatu aliviokota akavila kama peremende. Alipona, lakini mimi ndiye niliyemshika akitapishwa. Nikaapa mtoto hataokota dawa yangu tena."

Baadaye zahanati ikapokea msaada wa makopo mengi ya klorokwini, yaliyofika yakiwa yamebakisha miezi michache tu kuharibika. Hayakutumika yote. Kuyachoma moto alishindwa, majirani walilalamikia moshi. Kuyatupa jaani hakutaka hata kusikia. Nyuma ya zahanati kulikuwa na kisima kilichokufa, yaani kilichokauka miaka mingi nyuma, kirefu, giza tupu. Akamwita bawabu, wakayamwaga humo, mengine na makopo yake, wakafunika kwa bamba la saruji. Zikafuata dawa nyingine za kumeza, na chupa za sindano.

"Nilijiambia, sasa nimeziweka mahali ambapo hakuna mtoto atakayezifikia," anasema Philister. Anainuka na kwenda dirishani.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hapa nia njema ilikuwa ya tabibu mwenyewe, na bado ilimfikia mtoto kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyelelewa kwenye udongo mzito wa bara angemwona Philister ana akili. Shimo refu hutunza siri. Lakini Kisauni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una matundu kama mkate wa kumimina. Masika yaliponyesha, maji yaliingia kwenye kisima kilichokufa, yakalowesha kilichomo, yakatafuta njia. Yakaipata kwa Bi Salme.

Afisa mmoja wa afya ya umma, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa hana ruhusa ya kuzungumza na magazeti, anasema jambo hili linamnyima raha kuliko kipindupindu. "Kipindupindu tunakijua. Choo kikiwa karibu na kisima, mwananchi anaelewa. Tukimwambia achemshe maji, anachemsha na vijidudu vinakufa. Dawa haifi kwa kuchemshwa, maana haikuwa hai. Ukichemsha sana maji yanapungua, dawa inabaki."

Anasema hakuna ajuaye ni zahanati ngapi zina shimo kama lile, wala ni nyumba ngapi humwaga chooni vidonge vilivyobaki. Na si dawa za malaria tu. Dawa za kuua vijidudu zikikaa majini kidogo kidogo, anaeleza, vijidudu huzizoea, na siku mtu atakapoumwa hazitamsaidia. "Sisi hupima kama maji yana kinyesi," anasema. "Kupima dawa, hapa Mombasa hatuna chombo." Alijaza chupa za maji ya Bi Salme na kuzipeleka Nairobi. Majibu hayajarudi.

Sidi alilazwa wiki nzima. Alirudi amekonda, lakini alirudi. Madaktari hawakuweza kusema kwa hakika kama ni maji yale au ni tumbo la kawaida la watoto, na kutojua huko kumekuwa ugonjwa mwingine ndani ya nyumba. Daktari mmoja aliwaambia waangalie macho na masikio ya mtoto kwa muda, maana klorokwini ikizidi huweza kuyadhuru. Hakusema muda gani.

Kwa hiyo kila jioni Gershom hufika Kisauni, humkalisha mjukuu wake kwenye mkeka, husimama nyuma yake na kupiga makofi. Sidi hugeuka. Babu hushusha pumzi. Siku mwandishi wa makala haya alipokuwapo, mtoto alikuwa ameshughulika na kidole chake cha mguu na hakugeuka. Gershom alipiga tena, kwa nguvu zaidi. Akapiga tena. Mtoto akainua uso, akamtazama babu yake kwa kero ya mtu aliyekatizwa kazi, na Mapenzi akaangua kicheko na kilio kwa pamoja.

"Baba, utamtia kiwewe mwanangu," alisema.

"Heri kiwewe," alijibu Gershom, na akaketi mkekani kando ya mtoto.

Philister huja kila Jumamosi na kitochi kidogo kuyaangalia macho ya mtoto. Yeye ndiye aliyekwenda kwa maafisa wa afya kusema alichokifanya, na mwenye zahanati hajamsamehe kwa hilo. Gershom humkaribisha, humpa kiti, lakini chai humwachia Mapenzi ampe. "Sijui nina nini naye," anakiri. "Alimbeba mjukuu wangu kifuani mpaka hospitali. Na kopo ni yeye aliyelimwaga. Nikimwombea huishia katikati."

Kisima cha Bi Salme sasa kimefunikwa kwa mabati na mawe. Haitoshi. Wapo wanaokuja bado na chupa, wakimsihi mama huyo awape kidogo tu, wana wagonjwa nyumbani. Mara mbili mawe yamekutwa yamesogezwa. Mtaani wanasema Gershom ameifukuza baraka kwa mdomo wake, na wateja wawili wa zamani wamempa kazi mtu mwingine, mtu ambaye, Shee anasema kwa kejeli, "hunywa hata kabla hajaulizwa".

Mwandishi alipokaribishwa chai pale barazani aliuliza, kabla ya kugusa kikombe, maji yametoka wapi. Aliona haya, lakini aliuliza. Bi Salme hakukasirika. Alisema ni ya mfereji, mjukuu wake hushinda kwenye foleni.

Huku Utange, Gershom amerudi kutoka kwenye mzunguko wake. Amechungulia vyoo, amepekua jaa kwa fimbo, amewauliza majirani maswali ambayo watu wazima hawaulizani. Amekuta majivu, maganda ya nazi na gurudumu bovu. Anaichukua kata pale ukingoni, anainusa, anachovya ulimi. Anasubiri. Mama mwenye nyumba na watoto wake wanasubiri naye. Kisha anakunywa, si mkupuo kama zamani, bali kidogo kidogo, macho yamefumbwa.

"Uhai?" Shee anauliza, na safari hii hatanii.

"Uhai," anasema Gershom, na watoto wanakimbilia ndoo.

Mpango wake ni wa msimu wa kaskazi, wakati wa kiangazi, maji ya chini ya ardhi yatakapopungua. Maafisa wa afya wameahidi kibali na glavu, na yeye ameahidi kuteremka kwenye kisima kilichokufa nyuma ya zahanati na kupandisha kila kopo na kila chupa iliyobaki, pamoja na udongo ulioshikana nazo. Kafedha amemkataza. Amemwambia kisima kilichokufa kina hewa mbaya hata kikiwa kitupu, sembuse kimejaa dawa. Gershom hakubishana naye, kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa. Anasema hajawahi kuogopa shimo kama analoliogopa hilo, na hajui mtu mwingine wa kuliingia.

"Baadaye nitasafisha cha Bi Salme," anasema. "Nikisafishe mara moja, mara mbili, mpaka mwasho uishe. Nataka Sidi akue akichota pale."

Kata yenyewe ile aliyoikataa Gershom imo chumbani kwa Bi Salme, imetundikwa msumarini juu ya kitanda. Kila Ijumaa huishusha, huipangusa vumbi, na kuirudisha. Alipoulizwa kama atayanywa maji ya babu yake majibu ya Nairobi yakirudi mazuri, aliuweka chini ukili wake.

"Sitaki kuambiwa na karatasi," alisema. "Kisima changu alikikataa Gershom, na Gershom ndiye atakayekikubali. Siku atakayoinywa kata ile, nami n'tainywa nyuma yake. Lakini mimi ni mtu wa miaka sabini na tisa, mwanangu. Ukimwona, mwambie asikawie."